Kompyuta Iliyosoma Kuanzia Chini

Jumatano asubuhi, saa tatu na dakika kumi, Mama Taipu aliwasha kompyuta, akaenda kuosha vyombo, akaanika mashuka mawili, akagombana kidogo na jirani juu ya kamba ya kuanikia, wakapatana, akarudi, na kompyuta ilikuwa bado inatafakari. Akakaa. Akabonyeza herufi moja. Herufi ikatokea baada ya muda unaotosha kumenya chungwa.

Alikuwa mjane kwa miaka miwili na mpiga taipu kwa miaka thelathini na minne. Vidole vyake vilizoea kukimbia. Sasa vilikuwa vinafundishwa adabu uzeeni.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, lakini ilitakiwa kufika kiwanda cha uchapaji Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Kiwanda kilikuwa kinatoa kitabu cha kutimiza miaka hamsini, na mwendesha mitambo mmoja mstaafu alimnong'oneza kwamba ukurasa wa tisini na moja una mistari miwili kuhusu marehemu mumewe: eti msahihishaji mmoja, kwa uzembe wake, aliwahi kuupa mwezi wa Juni siku thelathini na moja kwenye kalenda ya kiwanda. Mwenye pingamizi alete hadi Ijumaa. Baada ya hapo mitambo inaunguruma, na uongo ukishachapwa na kujaladiwa, kuufuta ni kazi ya kupigia mbuzi gitaa.

Ukweli ni kwamba Juni ilikuwa na siku thelathini kwenye karatasi ambayo mumewe aliigongea muhuri wa IMESOMWA. Mkurugenzi ndiye aliyeona kisanduku kimoja kimebaki kitupu mwishoni mwa mwezi, kikamkera macho, akaagiza kijazwe. Zikatoka kalenda elfu nne. Kuna watu walipanga harusi siku hiyo. Msahihishaji akafukuzwa baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, akarudi nyumbani na miwani yake na kalamu nyekundu, na tangu hapo akawa anasoma kila kitu mara mbili, hata maandishi ya kwenye kiberiti.

Mama Taipu alimwita mkwewe, fundi wa kompyuta, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Subiri, kwa kuwa neno hilo ndilo alilolitumia kuliko yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hii mashine imezeeka kunishinda mimi."

"Subiri kidogo."

Alifuta mafaili yasiyo na kazi. Alizima programu zinazojiwasha zenyewe bila kuombwa. Alitafuta virusi, hakupata hata kimoja cha kusingizia. Kitu kimoja tu kilimfanya akune kidevu: barua ilipofunguliwa ilianza kutokea chini. Kwanza jina la mwandishi, kisha "wako mtiifu," kisha mstari wa mwisho, na kupanda hivyo hivyo polepole.

Mama Taipu aliweka kikombe mezani. Wasahihishaji wa zamani walisoma mstari wa mwisho kwanza, wakapanda hadi wa mwanzo, ili utamu wa habari usiwapumbaze wakapitwa na kosa.

"Fungua kifuniko," alisema.

Subiri alitoa skrubu nne. Ndani, kati ya feni na ramu, ile kumbukumbu ya mashine, alikuwa ameketi baba mkwe wake, ukubwa wa kidole gumba, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, kavaa fulana ya ndani kwa sababu ya joto. Subiri akageuka haraka akatazama ukuta. Mtu hamkodolei macho baba mkwe aliyevaa fulana.

"Shikamoo, baba," aliuambia ukuta.

"Marahaba," ikajibu sauti nyembamba. "Umenenepa."

"Kumbe ni wewe!" Mama Taipu aliinama. "Na mimi mwaka mzima nawalaumu watu wa umeme."

"Umeandika miaka ishirini. Ni ishirini na miwili."

"Nilikuwa sijamaliza."

"Basi maliza. Nasoma."

Subiri, mgongo ukiwa bado kwao, alieleza kitaalamu. Njia zilikuwa mbili. Akibadilisha diski na kuweka mpya, mashine itapaa, barua itaisha ndani ya nusu saa. Ila mzee itabidi ahame, na hakuna fundi anayejua marehemu wanahamia wapi. Au aongeze ramu. Mzee atapata nafasi ya kutandaza karatasi zake, na mwendo utaongezeka kiasi, kama wa kobe aliyesikia chakula kiko tayari.

"Ijumaa tutawahi?" aliuliza Mama Taipu.

"Hapo sijui, mama. Inategemea yeye."

Mama Taipu alitazama saa ya ukutani. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anapuliza vumbi kwenye miwani.

"Ongeza ramu," alisema. "Safisha na feni. Anakohoa."

Subiri akafanya hivyo. Mwishoni akapitisha ndani kipande cha kitambaa cheupe, uso kaugeuzia ukutani, kama anayempa mtu taulo mlangoni mwa bafu.

Alhamisi yote waliandika. Neno "uonevu" lilikataliwa mara mbili. Mzee alitaka "kutoelewana," mkewe akamwambia upole wake ndio uliomfukuzisha kazi. Neno likapita. Ijumaa saa nne na nusu barua ilitoka bila doa, na chini yake muhuri mwekundu: IMESOMWA. Printa ilikuwa na wino mweusi peke yake. Mama Taipu akaibeba kwa mkono wake, akaifikisha zikiwa zimebaki dakika arobaini.

Baada ya wiki tatu kitabu kilitoka. Ukurasa wa tisini na moja ulikuwa na mistari yake miwili, haikupungua hata nukta. Siku hiyo hiyo yakaja majibu yenye sahihi ya mkurugenzi: pingamizi limepokelewa kwa heshima, na litasikilizwa rasmi tarehe 31 Juni, saa tatu kamili asubuhi.

Mama Taipu aliipitisha barua hiyo kwenye skana. Kompyuta ikafikiri hadi adhuhuri. Kisha ikaanza kupanda: sahihi, salamu, saa, na tarehe, imezungushiwa duara jekundu. Mama Taipu alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la gauni.

"Nimeona, mume wangu," aliandika, akaenda kupika.

Tarehe thelathini Juni alipiga pasi gauni lake zuri, na kile kitambaa cheupe, akakitundika ndani ya kompyuta, kando ya feni. Kesho yake ikawa tarehe mosi Julai, kama mumewe alivyosema tangu mwanzo. Akawasha kompyuta, akaenda kuosha vyombo.