Stakabadhi za Marehemu

Walipomzika mzee Maige kule Nyarugusu, mwanawe Bujiku alimwekea kifuani stakabadhi zake zote za kodi ya kichwa, asije akasumbuliwa huko aendako. Miaka ikapita, karani akaja na askari kudai kodi ya marehemu ya tangu vita vya Hitla.

“Bwana karani, mnarudi nyuma mpaka lini?”

“Mpaka tuchoke. Lete stakabadhi, au tunachukua ng’ombe.”

Ng’ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, na watoto walimtegemea kwa maziwa. Bujiku akabeba jembe, akafukua kaburi huku akilia na kumwomba baba yake radhi. Karatasi zote zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Karani akachungulia shimoni, akamwashiria askari amfungue ng’ombe, kisha akauliza, “Na za babu yako?”