Diski ya Pili

...tatu, sita, sufuri, sufuri, a, tisa, nasoma kwa kidole kwenye kioo kama nilivyowasomesha watoto wa darasa la kwanza miaka thelathini, taratibu, bila kuruka, na Badawi kule Mombasa ananiitikia kwenye simu, ndiyo mwalimu, endelea mwalimu, hana haraka, mimi ndiye niliyemfundisha hesabu, leo yeye ni fundi wa mitambo na mimi ni mstaafu niliyepewa ufunguo wa chumba hiki cha maktaba hapa Langoni, mashine mbili kubwa, ndani yake kompyuta pepe saba, za programu tu zisizoshikika, na kabati moja la diski zinalogawana zote... namba ya diski ya kwanza nimeimaliza, ya pili sitaki kuianza, Badawi anasema zikilingana tutaandika kwenye mipangilio kwamba nyaya zote mbili za kabati zinafika mahali pamoja, ukikatika mmoja kazi ipite kwa mwingine, jambo dogo, bonyeza tu... lakini siku ile mafundi walipochomeka waya wa pili, jina la pili likatokea kwenye orodha, ukubwa ule ule, hakuna anayeitumia, nikasema hii ni diski mpya, nikaifuta vizuri ili iwe tayari, nikafurahi peke yangu, na kesho yake hadithi za Nadra hazikufunguka, nikasema ni waya, ni umeme, ni chochote, hadithi kumi na moja binti yangu alizowasomea watoto akizirekodi kwa simu kabla hajalazwa, na ile simu nayo imekwisha kufa, na babake hajasikia hata moja, mimi nilizisikiliza kila siku baada ya arubaini, Mahmud akisema ngoja, mamake Nadra, moyo wangu haujaweza, na leo asubuhi, akifunga kikoi, amesema niletee, nitakaa nimsikilize mwanangu, nami nikamjibu ziko kwenye ile diski nyingine, na nikaamini, maana yakiwa majina mawili, huenda moja bado linazo hadithi... Badawi, ulikuwa na miaka sita, niliwatoa mkahesabu nyumba za mtaa, ukaihesabu ya Bi Rahima mara mbili kwa kuwa ina milango miwili, kila mmoja kichochoro chake, wenzako wakakucheka, nikakushika mkono tukaingia huku tukatokea kule, sikukugombeza... tatu, sita, sufuri, sufuri, a, tisa, ulimi unasoma wenyewe mpaka herufi ya mwisho, na Badawi anasema polepole, kwa Kiamu cha kwao, “Mwalimu, ni diski moya, ndia mbili,” diski moja, njia mbili, na nasikia ametabasamu, anadhani ameniletea habari njema, anauliza tuipe jina gani, na mimi naitazama ile mistari miwili na hakuna Nadra mwingine wa kwenda kumtafuta, hakuna diski nyingine, sitasema waya, sitasema umeme, nitamwambia Mahmud nimemfuta mwanetu mimi kwa mkono wangu, na akiweza kuvumilia nitakaa mbele yake nimsimulie zote, pale alipocheka katikati ya maneno ya fisi, pale alipokohoa akaomba radhi kwa watoto... mwalimu, upo, anauliza Badawi, nipo mwanangu, kidole kiko juu ya kitufe, sijabonyeza, zote kumi na moja ninazo kwa moyo, lakini atazisikia kwa sauti yangu.