Mashine ya Kioo

Spas Karadimov alipofuka akiwa mtoto, baada ya homa ya uti wa mgongo, lakini hapa kwetu Sliven, Bulgaria, ukiuliza habari zake utatajiwa akodioni kwanza, upofu baadaye. Kwa miaka mingi alipiga arusini na wenzake wawili, Krastyo wa ngoma na Mincho wa klarineti. Mincho alipohamia Uhispania, bendi ikafa polepole, pasipo mtu wa kutangaza msiba. Krastyo akaenda kuendesha gari la mikate. Spas akabaki nyumbani akitengeneza akodioni za watu, na mkewe, Velichka, akaendelea na kazi yake kwenye kiwanda cha soksi.

Nyimbo, hata hivyo, hazikupewa habari kwamba bendi imekufa. Ziliendelea kumjia Spas akiwa na bisibisi mkononi, na zilimjia nzima nzima: akodioni mbele, tambura ya nyuzi pembeni, besi chini. Ala zote hizo alizijua. Alichokosa ni namna ya kuzirekodi moja baada ya nyingine, kisha kuzisikia pamoja, na alitaka afanye hivyo nyumbani kwake, peke yake, bila kumsumbua mtu. Neno hilo alilisema mara nyingi mezani, na Krastyo alilisikia.

Ilipofika Spasovden, sikukuu ya jina lake, Krastyo alikuja na kundi la marafiki wa zamani. Walikuwa wamechangishana. Katikati ya sahani ya banitsa na chupa ya rakia wakaweka sanduku zito.

"Mashine ya kurekodia hiyo, ndugu yangu," Krastyo alisema. "Kila kitu kimo humohumo. Kompyuta ya nini tena?"

Spas aliipapasa. Nyuma alikuta matundu ya kuchomekea maiki, akayagusa moja moja akitabasamu. Kisha akapandisha kiganja juu, na juu palikuwa na kioo kitupu. Alikipitisha kiganja kutoka upande huu hadi ule, kama anayefuta meza, akitafuta kitufe, japo kimoja. Hakuna. Mashine ile iliendeshwa kwa kugusa picha zilizochorwa kwenye kioo.

Velichka aliuona mkono wa mumewe ukisimama. Wengine hawakuona kitu. Spas akainua glasi yake, akasema hajapata kupewa zawadi nzito kiasi kile, akawaombea wote afya, wakanywa.

Wageni walipoondoka Velichka alimuuliza kwa nini hakusema. Spas akajibu kwamba mtu hamwambii aliyemletea mkate kuwa yeye hana meno.

Basi Velichka akawa macho yake. Alipotoka kazini alikuwa anavua viatu, anakaa mbele ya kioo, na Spas anamwelekeza: anzisha, simamisha, rudi nyuma, futa hiyo. Velichka hakuwa mjuzi wa mambo yale, na picha zenyewe zilikuwa ndogo zinazofanana. Spas akikosea kidogo alitaka kurudia, na akirudia alitaka kurudia tena, kwa sababu ndivyo wapigaji walivyo. Siku moja aliipiga sehemu ya tambura vizuri kuliko siku zote, akasema hapo hapo, hifadhi. Velichka akagusa, na kazi yote ikafutika.

Spas hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama ni vigumu kiasi hicho kugusa kitu kimoja. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Spas," Velichka alisema, "mimi ni mkeo. Mimi si kidole chako."

Akaenda jikoni, akafunga mlango. Spas alibaki na tambura mapajani. Alijua kwamba mkewe amesema kweli, na alijua pia kwamba kile alichokitaka tangu mwanzo, yaani kufanya mambo yake bila kumtegemea mtu, sasa kimemfanya amtegemee mtu kuliko wakati wowote wa maisha yake.

Kesho yake asubuhi alimpigia simu Genoveva, aliyesoma naye shule ya wasioona. Genoveva anaishi Ruse na kazi yake ni kusoma vitabu na matangazo kwa kinywa, anayarekodi nyumbani na kuyatuma. Spas alimweleza yote. Genoveva alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi, akisema na yeye alipoanza aliuziwa kioo.

Alimwambia arudi kwenye kompyuta ile ile anayoitumia kila siku, ile yenye msomaji, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Anunue kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, chenye vitufe vya kuzungusha anavyoweza kuvishika. Kuhusu programu ya kurekodia alimwonya sana. Zipo zinazosifiwa dunia nzima, alisema, ila mbele ya msomaji ni bubu, maana kila kitu ndani yake ni picha.

"Usinunue kwa sifa, Spas. Mwambie muuzaji azime skrini, halafu ukae wewe. Ikisema, chukua. Ikinyamaza, aga uondoke."

Tatizo lilikuwa duka. Mashine ya kioo ilinunuliwa Burgas, na walipopigiwa simu walikubali kuibadilisha kwa vitu vingine, sharti aliyeinunua awepo. Hapo hapakuwa na njia ya kuzunguka. Ilibidi Krastyo aambiwe.

Alikuja Jumapili na mkate wa moto kutoka kwenye gari lake. Spas hakumzungusha. Alimwambia ile mashine ni nzuri na inarekodi vizuri, lakini yeye haimfai, na akamweleza sababu. Krastyo aliuweka mkate mezani. Halafu akauliza kwa nini amekaa kimya wakati wote huo, huku watu waliochanga wakimuuliza yeye barabarani kila siku Spas anaendeleaje na mashine, naye akiwajibu anaendelea vizuri.

"Nimekujua tangu ujana wetu," alisema. "Nimekushika mkono kwenye ngazi za kila ukumbi wa arusi wilaya hii. Halafu naenda nakununulia kioo. Na wewe unanishukuru."

"Nilishukuru moyo wako."

"Moyo haurekodi, bwana."

Aliondoka bila kunywa kahawa. Siku zilipita na hakuonekana. Velichka alitaka kwenda kwake akamweleze, Spas akakataa. Alisema mtu aliyeaibika huachwa kwanza apoe. Lakini mwenyewe hakuwa na raha. Kila gari liliposimama chini ya jengo alinyanyua kichwa, na lilipoondoka akarudi kwenye bisibisi yake.

Krastyo alirudi siku aliyojipangia mwenyewe. Alikaa, akaomba ile kahawa aliyoiacha. Alisimulia kwamba mke wake ana jiko la kisasa, la umeme, juu yake kioo kitupu na la kugusa. Krastyo alikuwa amefumba macho, akasimama mbele ya jiko hilo akataka kuchemsha maji ya kahawa.

"Nimelizima, nimeliwasha, nimelifunga kwa kufuli ya watoto," alisema. "Limelia pii pii mpaka mke wangu akaja akaniuliza kama nimelewa. Maji hayakupata hata joto, Spas. Maji tu." Akaisogeza kahawa. "Burgas tunakwenda lini?"

Walikwenda watatu, kwa gari la mikate, Velichka katikati. Muuzaji aliitwa Plamen, mtu mpole aliyeanza kwa kuzungumza na Velichka, kana kwamba Spas hayupo. Velichka akamwambia kwamba mteja ni huyu. Plamen akageuka, akaomba radhi, na tangu hapo hakukosea tena.

Spas alitoa kompyuta yake mfukoni mwa begi, akaomba wawekewe programu za majaribio. Ya kwanza ilikuwa ile Plamen aliyoisifu zaidi. Krastyo alipoiona kwenye skrini alipiga mluzi. Alisema ina vitufe vya dhahabu na vidirisha vya taa, utadhani chumba cha rubani. Spas aliomba skrini izimwe. Akapita kwenye kibodi, na msomaji akasema: "Dirisha. Picha. Picha. Picha." Basi. Plamen akajaribu kumsaidia, akatafuta hapa na pale, msomaji akaendelea na wimbo wake wa picha, mpaka Plamen mwenyewe akaifunga.

Ya pili ilikuwa ile ambayo Genoveva alimtajia kwenye simu. Krastyo alisema kwa uso ni mbaya, kama karatasi ya kodi.

"Uso nakuachia wewe," Spas akamjibu.

Akabonyeza. Msomaji akasema mstari wa kwanza, yaani nafasi ya ala ya kwanza, ni mtupu. Akabonyeza tena: sauti, kiwango cha kati. Akapandisha, ikasema imepanda. Akafungua mstari wa pili, wa tatu, akaupa mmoja jina la tambura na mwingine jina la besi, na kila alichofanya aliambiwa kimefanyika. Uso wake ulikunjuka. Velichka alisimama nyuma ya kiti, mikono ameikunja, na alipoona hivyo akatoka nje kidogo kwenda kutazama barabara.

Kisanduku hakikuleta shida. Vilikuwepo viwili vya bei moja. Kimoja kilikuwa na kitufe kimoja kinachofanya kazi zote kutegemea taa ipi imewaka. Kingine kilikuwa na vitufe vitatu vikubwa, kila kimoja na kazi yake. Spas alichukua hicho cha pili kabla Plamen hajamaliza kueleza.

Maiki ndiyo iliyowachelewesha. Plamen alimpa kwanza ile ya studio, yenye masikio makali, na kweli akodioni ya dukani ilisikika kama iko sikioni mwa mtu. Kisha akampa ile ya kawaida, ya kushikwa na waimbaji jukwaani. Spas alisikiliza zote mbili kwenye hedifoni, halafu akaomba mlango wa duka ufunguliwe. Kwa ile ya kwanza, barabara nzima iliingia ndani: pikipiki, mwanamke anayeongea na simu, hata shakwe juu ya paa. Kwa ile ya pili, barabara ilibaki barabarani.

"Ile ya kwanza ni bora lakini," Plamen alisema. "Lazima nikwambie ukweli."

"Ni bora kwa mwenye kuta nzuri. Mimi nyumbani kwangu nina upepo wa Sliven."

Plamen, ambaye shangazi yake ameolewa Sliven, hakubishana tena.

Mambo hayakunyooka siku ile ile. Spas alihamishia kila kitu chumba cha nyuma, Velichka akatundika mablanketi ya sufu ukutani na dirishani. Wimbo wa kwanza aliourekodi ulitoka na sauti ya msomaji katikati, ikitangaza mistari juu ya akodioni, kwa sababu alisahau kuchomeka hedifoni. Wa pili ulimchanganya kabisa. Alijisikia akichelewa nyuma ya vidole vyake mwenyewe, kama kuna Spas mwingine chumbani anayemwigiza. Akaacha, akakasirika, akampigia Genoveva. Genoveva akamwambia atafute kwenye kisanduku kitufe kidogo karibu na tundu la hedifoni, akibonyeze, ili ajisikie moja kwa moja kabla sauti haijazunguka kwenye kompyuta. Spas akakipata kwa ncha ya kidole, akakibonyeza. Yule Spas mwingine akatoweka.

Ikafika siku Velichka alipotoka zamu ya asubuhi akakuta mlango wa chumba cha nyuma wazi na mumewe ametulia. Alidhani anaitwa kusaidia, akaanza kuvua koti haraka. Spas akamwambia hakuna cha kugusa, akae tu. Akamvisha hedifoni mwenyewe, akizisogeza nywele zake pembeni.

Velichka alisikia akodioni, kisha tambura ikaingia kwa adabu, kisha besi chini yao. Wote watatu walikuwa mumewe. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, akaomba urudiwe. Mara ya pili machozi yalimtoka, na hakuyafuta, na Spas alijua bila kuambiwa, kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Baadaye Velichka aliuliza wimbo unaitwaje, Spas akasema bado, akamwomba aupe jina yeye. Mpaka leo Velichka anasema bado anafikiria.

Kilichokosekana ni ngoma, na ngoma ni Krastyo. Alikuja na ngoma yake kubwa, ambayo haikupita mlangoni ila kwa ubavu, akaketi katikati ya mablanketi akilalamika joto. Walirekodi rachenitsa, ule mwendo wa mapigo saba ambao mtoto wa hapa anaucheza kabla hajajua kuhesabu. Walipomaliza Spas alisikiliza, akainamisha kichwa.

"Katikati umewahi."

"Sijawahi. Wewe ndiye umechelewa."

Spas akapita kwenye kibodi, msomaji akanong'ona, akapachezesha pale pale mahali penyewe. Krastyo akasikiliza. Akaomba pachezwe tena. Alikuna shingo, akatazama mablanketi ukutani.

"Miaka yote ile arusini nilikuwa nawahi hivyo?"

"Kila arusi."

"Na hukuniambia?"

"Watu walikuwa wanacheza, Krastyo. Ningewasimamisha?"

Krastyo akafikiri, akakaza ngozi ya ngoma, akasogeza kiti mbele, akasema warudie kuanzia mwanzo.