Ubatizo wa Muange

Absalom alipofumaniwa Ukunda na mke wa mtu, kanisa zima la Waa lilishika kichwa. Umbea kuhusu yule mke wa mtu peke yake ungetosha kuwalisha watu mwezi mzima, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba Absalom ndiye mchungaji aliyewabatiza wote. Samaki mmoja akioza wote wameoza, wakasema, na ubatizo wao nao wakauhesabu umeoza. Wakamwita mwinjilisti kutoka Machakos, Mathew Mwangangi, aje awabatize upya baharini.

Wengine walishukuru. Kavenya hakushukuru. Mumewe, Muange, alibatizwa baharini na mikono hiyo hiyo ya Absalom, akiwa mgonjwa wa kushikiliwa, naye ni mtu wa Kitui aliyeiogopa bahari maisha yake yote. Kabla mwaka haujaisha akazikwa shambani kwake, kando ya mikorosho. Haya, hao wengine watarudi majini watoke wametakata. Na Muange je? Nani atamfukua? Kavenya alimchukia Absalom chuki ya wazi, akamwambia kila aliyemwuliza na asiyemwuliza.

Siku ya siku ikafika. Wakashuka ufuoni na mavazi yao meupe, wakiimba, na lo! bahari haipo. Mgeni wa watu alikuwa amepanga ibada saa nne asubuhi bila kuuliza maji yanajaa lini, na hawa wenzake wa bara, miaka yote waliyokaa pwani, hakuna aliyemkumbusha. Kila mmoja alidhani mtumishi wa Mungu anajua. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule mwambani, mbele yao ni mwani na mawe matupu. Swabir, mvuvi wa pweza, alikuwa akirudi na mkuki wake. Akamwamkia Kavenya shikamoo, kisha akawaeleza kwa adabu, huku akijizuia asicheke, kwamba maji hayo hawatayaona mpaka alasiri.

Ikawa ni kukaa. Na mtu akikaa kitako na donge rohoni, donge litatoka tu. Kavenya akamsogelea Mathew pale kivulini, akamsimulia habari za Muange, akamwuliza marehemu atafanyiwaje. Mwinjilisti akajikuna kidevu. Akasema kwa upole kwamba hilo ni gumu, kwani mikono iliyombatiza marehemu ilikuwa michafu. Basi tumwachie Mungu.

Tumwachie Mungu! Kavenya alihisi moto unampanda kifuani.

"Na mikono yako wewe, mtumishi, ni safi?"

Mathew, tumpe haki yake, hakudanganya. "Hapana, mama. Mimi pia ni mwenye dhambi."

"Basi nawe ukianguka mwakani, tutarudi hapa tena? Tutazeekea majini." Kuna waliocheka, Kavenya hakuwajali. "Absalom hakumfia Muange. Aliyemfia ni Yesu, naye hakuwa na dhambi hata moja. Angekuwa nayo moja tu, angekufa kwa hiyo yake, nasi tungebaki na zetu. Sasa niambie, mume wangu amechafuliwa na nani?"

Mathew akasimama, akakiri mbele ya wote kwamba mama huyu amesema kweli, na kwamba yeye alikosea kuukubali mwaliko ule. Maji yalipokuja yaliwakuta wanakunja mavazi yao makavu, waende kumalizia ibada kanisani.

Kavenya alitangulia njiani, kifua mbele, furaha imemjaa tele. Muange wake yuko salama! Njia ya kanisani hupita kwa Absalom, ambaye tangu aibu ile alijifungia ndani, madirisha hayafunguliwi mchana wala usiku. Kila apitapo hapo Kavenya hutema mate. Leo aliyakusanya, yakamkwama mdomoni. Kama yule asiye na dhambi alimtosha Muange, hakumtosha na huyu? Akabishana na nafsi yake. Huyu ni mwingine, akajiambia, huyu alijua alitendalo. Wapi! Maneno aliyasema mwenyewe, kwa sauti, watu wakisikia, na sasa alitafuta pa kuyapunguza asipaone. Iliudhi kweli kweli.

Akayameza mate yake, akapiga hodi.

Absalom alifungua mlango nusu, ndevu zimemwota ovyo, asiweze kumtazama usoni. Akasema anajua amemharibia Muange, na kwamba hana neno la kumwambia mjane wake.

"Hukumharibia," Kavenya akasema. "Huna uwezo huo. Hasira nawe ninayo bado, sikufichi. Lakini aliyemwosha Muange hajachafuka, na maji yake hayajaisha. Vaa viatu, twende kanisani."