Gesi ya Mama Kapinga

Choo cha zamani kilipojaa, Mama Kapinga, muuguzi mstaafu wa Kolwezi, alimpa Mwamba kazi ya kuchimba kingine. Kwenye mita ya sita Mwamba alitoka shimoni mbio, akitema mate.

"Mama, kuko gaz! Inatoa mapovu!"

Mtaa mzima ulisikia. Siku iliyofuata akaja Tata Muteba, mtumishi wa ofisi ya mafuta na gesi, amevaa tai, ameshika utepe mwekundu.

"Mama, bitu byote biko chini ya udongo ni bya Leta," alisema, yaani vya Serikali. "Kutafuta gaz bila permis ni kosa. Utalipa taxe ya kiwanja, na gaz ikitoka, Leta inakamata sehemu yake."

"Tata, mi natafuta fasi ya kunya."

"Andika ile mu barua ya maombi."

Akalizungushia shimo utepe, akaondoka.

Mama Kapinga alikasirika. Miaka thelathini amemwaga mabeseni ya wagonjwa, leo anaambiwa choo chake ni kisima cha gesi! Na nyumbani wako saba, na jana walikula maharage.

Asubuhi aliwachukua wote, binti, mkwe na wajukuu, wakaenda kwa miguu hadi ofisini kwa Muteba, wakapanga mstari mbele ya choo cha wafanyakazi. Kesho yake wakarudi. Siku ya tatu mkuu wa ofisi, Mama Fidélie, alikuta mlango umefungwa kwa ndani, naye amebanwa.

"Hawa batu ni ba nani?"

"Leta ilifunga shimo yetu," alijibu Mama Kapinga. "Tunatumia choo ya Leta."

Fidélie alipopata zamu yake na kutulia, alikwenda mwenyewe, pamoja na Muteba, kuliona shimo. Aliinama, akanusa, akachungulia ng'ambo ya ukuta, kwa jirani Kalonji, ambako tangi la choo lilikuwa limepasuka.

"Muteba, we haujue harufu ya mavi?"

Akakata utepe. Lakini Muteba alisema faili imeshafunguliwa, haifungwi bila ripoti ya utafiti. Akatoa fomu, akamwuliza Mama Kapinga.

"Nini ilipatikana?"

"Mavi ya Kalonji."

"Kiasi?"

"Mingi."

"Sehemu ya Leta?"

"Yote," alisema Mama Kapinga. "Mi naachia Leta na yangu."

Muteba alifikiri kidogo, akaandika "yote", akapiga muhuri.