Jikoni kwa Thuwaiba

Himid Ubwa alivaa kanzu yake ya Idi kwenda kumtazama mkewe, na mkewe alikuwa keshakufa tangu masika ya mwaka jana.

Picha yake hakuwa nayo hata moja. Thuwaiba hakupenda kupigwa picha, na kitambulisho chake kilifukiwa pamoja naye siku nyumba ilipoanguka. Himid alikwenda kwa wakubwa wa vitambulisho kuomba nakala ya ile sura ya kwenye kitambulisho, akaambiwa taarifa za mtu hapewi mwingine. "Mwingine nani? Mimi mumewe!" Wakamwambia, mzee, usitupigie kelele. Na huku sura yenyewe ikawa inamponyoka, leo mdomo, kesho macho, hata ikafika kwamba akijaribu kumkumbuka humwona kwa mgongo tu.

Ndipo akakumbuka watu wa mradi wa kuhifadhi nyumba za zamani.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Malindi, ya zamani, ya wapangaji. Wapangaji walikwenda kusema mara chungu nzima kwamba ukuta wa nyuma umevimba na boriti zimeoza. Waliomba chokaa na boriti, wakaletewa mashine ya kupiga picha. Ikazungushwa chumba baada ya chumba, ati nyumba ihifadhiwe. Himid siku hiyo alikuwa bandarini anapakua magunia. Aliyemsimulia jioni ni Thuwaiba mwenyewe, anacheka na kuona haya.

"Wamenikuta jikoni nakuna nazi. Niinuke vipi na goti hili? Kijana ananambia, 'Tulia hivyo hivyo, bibi, usitikisike.' Basi nikatulia kama natolewa mwiba."

"Na uso?"

"Uso nikauelekeza kwenye mashine. Ningeuweka wapi, bwana we?"

Maneno hayo ndiyo yaliyompeleka Himid mpaka Mtoni, kwenye ofisi ya mradi, iliyokuwa na marumaru sakafuni na viyoyozi vya kugandisha mifupa. Chokaa haikupatikana, lakini viyoyozi vilipatikana.

Binti wa ofisi, jina lake Nusrat, akamwamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Himid, wa ile nyumba ya Malindi iliyoanguka. Nimekuja kumwona mke wangu. Yumo kwenye nyumba yenu."

Nusrat hakumwelewa vizuri, lakini alikuwa na adabu. Akamvutia kiti mbele ya kompyuta. "Tufanye haraka, mzee. Mkuu wetu, Bwana Msabah, ana wageni wanakuja kuitazama nyumba hiyo, nayo haifunguliwi mara mbili kwa wakati mmoja."

"Kwani umeiweka humo ndani?"

"Haimo humu. Kompyuta hii haina nguvu za kuichora. Nyumba inakaa kwenye mashine kubwa huko Ulaya. Mimi nikibonyeza hapa, kule inachorwa upya, halafu picha inaletwa huku kwa mtandao. Tunasema iko kwenye wingu."

"Wingu!" Himid akaguna. "Wingu ndilo lililoniangushia nyumba."

Nusrat hakujua acheke au ampe pole.

Kwenye kioo ukatokea mlango wa nyumba, na misumari yake ya shaba, na kile kizingiti kilicholika kwa miguu ya watu. Himid akavua viatu chini ya meza. Ulimi ukamtangulia: "Hodi."

Nusrat akabonyeza. Picha ikaganda. Haikwenda mbele wala nyuma, na Himid akangoja, maana Thuwaiba naye kwa goti lile alikuwa hafungui upesi. Kisha mlango ukasogea, wakawa ndani.

Wakapanda ngazi. Shati lake la kazi lilikuwa limetundikwa msumarini. Ufa ulishuka ukutani kutoka darini mpaka chini, mweusi, hata mchanga unaomwagika unaonekana.

"Mmeuchora vizuri," alisema Himid. "Mngeuziba hivyo."

"Kulia au kushoto, mzee?"

"Kushoto. Jiko liko kushoto."

Jiko likaja kwa vipande vipande, kwanza dirisha, kisha masizi ya ukutani, kisha sufuria. Mwisho ikatokea mbuzi ya kukunia nazi, kibao chake cheusi, ulimi wake wa chuma. Mbele ya ulimi ule palikuwa na kifuu cha nazi, kimesimama hewani, hakuna anayekishika.

"Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Mke wangu! Si hiyo nazi yake!"

Nusrat akajibu chinichini. "Watu walitolewa, mzee. Wakubwa walitaka nyumba tupu. Mafundi wa kule wakapita, kila penye mtu wakamwondoa, wakajaza sakafu. Ndio utaratibu. Wanaita kusafisha."

"Kusafisha."

"Naam."

"Na ile ya kabla hawajamsafisha?"

"Ilifutwa. Hawaweki mbili."

Himid akasogeza kiti. "Zunguka. Labda kwa nyuma."

Nusrat akazunguka. Kwa nyuma hapakuwa na mtu. Kwa upande wa dirisha hapakuwa na mtu. Juu ya kibao, pale Thuwaiba alipokaa, rangi zilikuwa zimevurugika kama chokaa mbichi iliyopitishwa mkono.

"Mrudishe, mwanangu."

"Siwezi. Sisi huku tumepewa kutazama tu. Wenye kugusa ni wao."

"Na mbuzi mbona mmeiacha?"

"Hicho ni chombo cha asili, mzee."

"Ahaa. Mbuzi ni asili. Mkunaji ndiye uchafu."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa, akaingia Bwana Msabah na suti yake, na nyuma yake wageni wanaume wawili na mwanamke mmoja. "Nani huyu?"

"Mzee Himid. Alikuwa akikaa nyumba hii."

Uso wa Msabah ukachanua. "Mwenyeji mwenyewe! Mzee wangu, waambie wageni, unajisikiaje kuona nyumba yako imehifadhiwa?"

Himid akasimama, miguu mitupu juu ya marumaru. Akanyoosha kidole kwenye zile rangi zilizovurugika.

"Huyu hapa ni mke wangu, Thuwaiba binti Simai. Anakuna nazi."

Wageni wakainama kutazama. Yule mwanamke akauliza kitu. Msabah akamjibu kwa lugha yao, upesi upesi, na kicheko kidogo. Himid hakuambulia hata neno, lakini aliona namna mwanamke yule alivyomgeukia na kumtikisia kichwa polepole, kama anavyotazamwa mtu aliyeharibikiwa na akili. Kisha akauliza jingine.

"Nusrat, wanataka kuona paa," alisema Msabah.

Mkono wa Nusrat ulikuwa mezani, hauendi.

"Nusrat!"

"Naam."

Akabonyeza. Jiko likabaki pale kidogo, na kile kifuu hewani, kisha likaondoka.