Yotham Mwenye L

Mdachi mmoja aliyejiita Daktari wa Sauti aliingia Mlali na kasha lenye tarumbeta, akatangaza sheria: binadamu ni wa aina mbili. Wenye sauti inayoimbika bila kukatika, yaani m, n, l na jamaa zao, watabaki nyumbani kuitunza sauti hiyo. Wenye p, t na k, sauti zinazopasuka na kufa papo hapo, watabeba mizigo hadi Kilimatinde.

Yotham, mkulima wa hapo, alitaka kubaki kwa udi na uvumba. Uwele wake umeiva, na ndege aina ya kwelea wanauzunguka kama wageni wa arusi waliosikia harufu ya nyama.

"Imba m mpaka kiko changu kizimike," Daktari akaamuru.

Yotham akaimba, na vizuri. Mara Mdachi akambana pua. M ikafa palepale.

"Unaona? M njia yake puani!"

Yotham, macho yamemtoka, akainua ncha ya ulimi, akaachia l. Ikatiririka kandokando ya ulimi, pua bado imebanwa, hadi kiko kikazimika chenyewe.

"L!" Daktari nusura alie. "Huyu asiguswe! Ila akipasua sauti hata moja, kasha langu kichwani kwake." Akamwacha askari Hasani, mtu wa Kondoa, amsikilize, mwenyewe akaenda kupima watu wa vijiji vya jirani.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwelea hafukuzwi kwa l, anafukuzwa kwa "Pa! Ta! Toka!" Yotham alisimama shambani akiimba "lllll", kwelea wakala kwa starehe, wengine wakasinzia kwenye masuke. Mkewe Loisi alikuwa ameshapiga kelele siku mbili, koo limekauka, amebaki kunong'ona.

Hasani alikaa kivulini akingoja ugali.

"Shemeji," Loisi akamnong'oneza, "huo uwele ndio ugali wako."

Hasani akatazama chungu. Akatazama shamba.

"Mbona hukusema mapema, mama!"

Akavua tarbushi, akaingia shambani akiipunga. "Pa! Ta! Ka! Tokeni, washenzi nyie!" Kwelea wakaruka kama vumbi. Jua likapanda, Hasani anapasua tu, jasho linamchuruzika, na kivuli chake amekirithi Yotham, kalala chali.

"Lllll," akaimba Yotham.

"Anasemaje huyo?" Hasani akauliza akihema.

"Anasema," Loisi akanong'ona, "upande wa kule bado."